Alexander Chizhevsky: Mtu aliyetaka kuitibu hewa ya nyumbani

Huenda umekiona kwenye duka la vifaa vya umeme, au kwenye kona ya chumba cha ndugu anayesumbuliwa na mafua yasiyoisha. Ni kifaa kidogo kisicho na kelele, kina taa ndogo inayowaka, na kwenye boksi lake pameandikwa kwamba kinatoa ayoni hasi na kusafisha hewa. Wengi hukinunua wakitumaini kupata nafuu ya chafya, macho yanayowasha na kifua kinachobana. Wachache wanajua kwamba wazo hilo lina umri wa zaidi ya miaka mia moja, na kwamba mmoja wa waasisi wake alilibeba kutoka nyumba ya baba yake nchini Urusi hadi kambi ya wafungwa huko Kazakhstan.

Mtu huyo ni Alexander Leonidovich Chizhevsky. Katika makala haya tunayafuatilia maisha yake, kisha tunauliza swali ambalo mwenye pumu au mzio angependa lijibiwe: je, kifaa hicho kinasaidia kweli?

Mtoto wa afisa wa mizinga

Chizhevsky alizaliwa mwaka 1897 katika mji mdogo wa Ciechanowiec, ambao wakati huo ulikuwa chini ya himaya ya Urusi na leo uko Poland. Baba yake, Leonid, alikuwa afisa wa kikosi cha mizinga. Mama yake alifariki kwa kifua kikuu mtoto akiwa bado hajaanza kukumbuka mambo, na akalelewa na shangazi yake, Olga, ambaye alimwita mama. Hatuwezi kusema kwamba msiba huo ndio uliomfanya ashughulike na hewa na mapafu. Tunachojua ni kwamba alikulia katika nyumba iliyoujua ugonjwa wa kifua kwa karibu.

Mwaka 1913 familia ilihamia Kaluga, mji ulio kusini-magharibi mwa Moscow. Huko kijana Chizhevsky alikutana na mwalimu mmoja mwenye ulemavu wa kusikia, aliyemzidi umri kwa miaka 40. Mwalimu huyo aliishi maisha ya kawaida kabisa, lakini kichwani alikuwa akipiga hesabu za vyombo vya kwenda angani. Alikuwa Konstantin Tsiolkovsky, ambaye leo dunia inamtambua kama mmoja wa waanzilishi wa elimu ya roketi. Urafiki wao ulidumu hadi Tsiolkovsky alipofariki mwaka 1935.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipopamba moto, Chizhevsky alijitolea kwenda mstari wa mbele. Alipigana Galicia na kutunukiwa nishani ya Msalaba wa Mtakatifu George. Aliporudi aliendelea na masomo mjini Moscow, huku akiandika mashairi na kuchora picha za rangi za maji. Kuchora huko, kama tutakavyoona, hakukuwa mchezo tu.

Jua, historia na hatari ya kuwaza makubwa

Kabla ya kufika kwenye hewa ya chumbani, inafaa tuguse jambo lingine lililompa jina, kwa sababu ndilo lililomponza pia. Tangu mwaka 1915 Chizhevsky alikuwa akilitazama jua kwa darubini na kuhesabu madoa yake. Wanasayansi walikwishajua kwamba madoa hayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa takriban miaka 11. Chizhevsky alikusanya tarehe za vita, mapinduzi na magonjwa ya mlipuko ya karne nyingi, akazilinganisha na mzunguko huo, na kudai kwamba jua linapochafuka, watu nao huchafuka.

Mwaka 1924 alichapisha kijitabu kuhusu hoja hiyo mjini Kaluga. Dai lilikuwa kubwa kuliko ushahidi. Ukiwa na orodha ndefu ya matukio, si vigumu kupata yanayoangukia miaka unayoitaka. Lakini katika Umoja wa Kisovieti tatizo halikuwa la kisayansi tu. Itikadi rasmi ilifundisha kwamba mapinduzi huletwa na mapambano ya matabaka. Mtu aliyesema kwamba jua lina mkono katika mapinduzi alikuwa amejiwekea maadui, hata kama hakukusudia.

Panya wa Kaluga

Sasa turudi kwenye hewa. Mwishoni mwa karne ya 19 wanafizikia waligundua kwamba hewa tunayovuta ina chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme. Chembe hizo ndizo ayoni. Iliyopata elektroni ya ziada huitwa ayoni hasi, na iliyopoteza elektroni huitwa ayoni chanya. Ayoni hutokea zenyewe: mionzi kutoka angani na kutoka ardhini huzitengeneza, na hata maji yanayoanguka na kupasuka katika maporomoko huzalisha kwa wingi ayoni hasi.

Chizhevsky alijiuliza: kama hewa ina umeme, je, mwili unaojazwa na hewa hiyo mchana na usiku hauuhisi? Kuanzia mwaka 1918, nchi ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na njaa, aliigeuza sehemu ya nyumba ya wazazi wake kuwa maabara. Aliwagawa panya katika makundi. Kundi moja lilivuta hewa ya kawaida, jingine hewa iliyoongezwa ayoni hasi, na jingine hewa yenye ayoni chanya. Aliripoti kwamba panya wa ayoni hasi walinawiri na kuishi vizuri zaidi, na wale wa ayoni chanya walidhoofika.

Baadaye alifanya jaribio la kutisha zaidi. Aliwaweka wanyama mahali ambapo hewa ilipitishwa kwanza kwenye tabaka nene la pamba, ili ayoni zote zinaswe humo. Aliripoti kwamba wanyama hao waliugua na kufa, ingawa oksijeni ilikuwapo. Kutokana na hayo alijenga imani iliyomwongoza hadi mwisho: kwamba hewa isiyo na ayoni ni hewa mfu, na kwamba watu wa mijini, wanaoshinda ndani ya kuta, wanakosa kitu ambacho mtu wa msituni au wa pwani anakipata bure.

Thurea yenye sindano

Kifaa alichokibuni kilifanana na thurea, ile taa kubwa inayoning'inia darini. Lakini badala ya taa kulikuwa na duara la chuma lililofumwa kwa nyaya, na kwenye kila makutano ya nyaya kulikuwa na sindano iliyoelekezwa chini. Nyaya hizo ziliunganishwa na umeme wa volteji kubwa sana, makumi ya maelfu ya volti, wenye chaji hasi.

Kwa nini sindano? Umeme hujikusanya kwenye ncha kali. Volteji ikiwa kubwa vya kutosha, elektroni huchomoka kwenye ncha na kudakwa na molekuli za hewa, hasa za oksijeni. Hapo ayoni hasi imezaliwa. Ayoni hizo zikikutana na vumbi, moshi au chavua, huzipa chembe hizo chaji. Vumbi lenye chaji haliendelei kuelea kama kawaida. Huvutwa na kuta, dari, sakafu, pazia na meza, likaganda huko. Visafisha hewa vya ayoni vinavyouzwa leo hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, isipokuwa vimekuwa vidogo. Baadhi vina sahani ya chuma ndani ya kukusanyia vumbi, vingine havina, na hapo ukuta wa chumba chako ndio unaokuwa sahani.

Kutoka mwaka 1924 Chizhevsky alifanya kazi Moscow katika maabara ya Vladimir Durov, mchekeshaji na mfunzaji maarufu wa wanyama wa sarakasi, aliyekuwa na kituo cha kuchunguza tabia za wanyama. Yeye na madaktari walioshirikiana naye walianza kuwapa hewa ya ayoni wagonjwa pia, wakiwemo wenye pumu, na wakaripoti nafuu.

Sifa, uadui na kufungwa kwa maabara

Mwaka 1931 serikali ya Kisovieti ilipitisha azimio rasmi la kuunga mkono kazi yake. Ilianzishwa maabara kuu ya utafiti wa ayoni, naye akawa mkurugenzi wake. Nchi ilihitaji chakula, kwa hiyo majaribio makubwa yalielekezwa kwenye mashamba ya kuku, kuona kama hewa yenye ayoni itaongeza mayai na kupunguza vifo vya vifaranga.

Lakini sifa hizo zilikuja na mpinzani. Boris Zavadovsky, mwanabiolojia mwenye cheo na sauti katika taasisi za ufugaji, alizipinga kazi za Chizhevsky vikali. Ndani ya mabishano hayo yalikuwamo maswali halali kabisa: je, makundi ya kuku yalilinganishwa kwa haki? Je, mtu mwingine akirudia jaribio, atapata matokeo yaleyale? Bahati mbaya maswali hayo yaliulizwa katika nchi ambayo kushindwa katika mjadala kungeweza kumgharimu mtu kazi, au hata uhuru wake. Kwa hiyo kila upande ulijilinda badala ya kupima. Mwaka 1936 maabara ilifungwa.

Chizhevsky hakukata tamaa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alialikwa kupanga mfumo wa ayoni kwa ajili ya Kasri la Wasovieti, jengo kubwa mno lililokusudiwa kusimama katikati ya Moscow, mahali palipobomolewa Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi. Maelfu ya watu wangekaa ndani ya kumbi zake, naye angewapa hewa aliyoiamini. Vita vilipofika mwaka 1941 ujenzi ulisimama, na kasri hilo halikujengwa kamwe.

Kambini

Januari mwaka 1942, akiwa amehamishiwa Chelyabinsk kwa sababu ya vita, alikamatwa. Alihukumiwa miaka minane kwa kosa la maneno dhidi ya dola, kosa ambalo miaka ile liliwabeba watu wengi. Alipelekwa kwanza kambi ya Ivdel kaskazini mwa milima ya Ural, baadaye akahamishiwa karibu na Moscow, na hatimaye Karlag, kambi kubwa ya kazi katika nyika za Kazakhstan.

Huko Karlag lilitokea jambo ambalo hata mtu asiyekubaliana na nadharia zake hana budi kuliheshimu. Aliruhusiwa kufanya kazi kidogo katika hospitali ya kambi, naye akaanza kuchunguza damu. Alitazama namna chembe nyekundu zinavyojipanga damu inapotembea, na nafasi ya chaji za umeme katika mpangilio huo. Kitabu chake kuhusu damu inayotembea kilichapishwa mwaka 1959. Kilikuwa kimetokana na kazi aliyoianza akiwa mfungwa.

Kifungo chake kilimalizika mwaka 1950, lakini hakuruhusiwa kurudi nyumbani; alibaki Karaganda akiwa mtu wa uhamishoni. Alifanya kazi hospitalini, akaendelea kupima damu na kufunga thurea zake, na akaendelea kuchora. Picha za rangi za maji zilikuwa zimemsaidia kupata riziki katika miaka migumu ya ujana wake, na sasa zilimsaidia kubaki na akili timamu. Huko Karaganda aliishi na mkewe Nina, ambaye naye alikuwa ameonja maisha ya kambi.

Mwaka 1958 walirudi Moscow. Mwaka 1960 kilitoka kitabu chake kikubwa kuhusu matumizi ya ayoni za hewa katika uchumi wa taifa, viwandani, shuleni, hospitalini na majumbani. Alifariki Desemba mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 67. Nina alitumia miaka iliyofuata kulinda maandishi yake. Nyumba ya Kaluga, walimoishi panya wale wa kwanza, leo ni makumbusho yake.

Alichokiona na alichokidai

Baada ya kifo chake jina lake lilipata uhai mpya. Umoja wa Kisovieti uliposambaratika, vifaa vilivyobeba jina la Chizhevsky viliuzwa Urusi kwa wingi. Wakati huohuo, nje ya Urusi, viwanda vya Asia, Ulaya na Marekani viliuza visafisha hewa vya ayoni bila kumtaja kabisa. Mateso yake yaliwafanya wengine waamini kwamba mtu aliyefungwa kwa dhuluma lazima alikuwa na ukweli katika kila alichosema. Hapa ndipo tunapopaswa kwenda polepole. Dhuluma aliyotendewa ni jambo moja, na kama sindano zake zinatibu pumu ni jambo jingine.

Tuanze na alichokiona sawasawa. Ayoni zipo, na kifaa chake kilizitengeneza kweli. Ni kweli pia kwamba zinaondoa vumbi hewani. Mwaka 1993 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio lililofanywa majumbani kwa watoto 20 wenye pumu. Kwa wiki kadhaa kila mtoto alilala chumba chenye kifaa cha ayoni kinachofanya kazi, na kwa wiki nyingine kifaa kilichozimwa kwa siri, bila familia kujua kipi ni kipi. Kifaa kilipofanya kazi, uchafu wa utitiri wa vumbi uliokuwa ukielea hewani ulipungua waziwazi. Lakini pumu ya watoto haikupungua. Ilionekana hata dalili ya kikohozi cha usiku kuongezeka, ingawa tofauti hiyo haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika.

Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, ulikusanya tafiti za aina hiyo mwaka 2003 na kuzipitia tena mwaka 2012. Hitimisho lilikuwa lilelile: hakuna ushahidi kwamba vifaa vya ayoni vinapunguza dalili za pumu, vinaboresha upumuaji au vinapunguza haja ya dawa.

Inawezekanaje hewa isafike na mgonjwa asipone? Jibu liko kitandani. Utitiri wa vumbi, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, huishi ndani ya godoro, mto, blanketi na zulia. Kinachosababisha mzio ni vinyesi na mabaki yao, na chembe hizo ni nzito kiasi kwamba hazikai hewani muda mrefu. Ukitandika kitanda hupanda, kisha hushuka zenyewe. Kifaa kilichoko mezani kinashughulikia kidogo kinachoelea, ilhali wewe umelaza pua yako juu ya ghala lenyewe. Na vumbi lililoganda ukutani kwa sababu ya ayoni halijatoweka. Anayepita na ufagio mkavu analirudisha hewani.

Kuna jambo la pili, nalo ni la usalama. Umeme ule unaochomoka kwenye sindano unaweza pia kuivunja oksijeni na kuiunganisha upya kuwa ozoni. Ozoni ikiwa juu angani hutukinga na mionzi ya jua, lakini ikiwa chumbani huwasha koo na mapafu, hasa ya mwenye pumu. Isitoshe, hukutana na harufu za sabuni na manukato na kuzalisha kemikali nyingine zinazowasha. Ndiyo maana jimbo la California nchini Marekani liliweka kikomo: kisafisha hewa cha nyumbani hakiruhusiwi kutoa ozoni inayozidi sehemu 50 katika kila sehemu bilioni moja za hewa.

Kama kifaa unacho tayari

Hatusemi kwamba aliyekinunua akitupe leo. Tunasema ajue kinachofanya na kisichofanya. Ukihisi harufu kali kama ile inayosikika baada ya radi au karibu na mashine ya fotokopi, huenda ni ozoni. Kizime na ufungue dirisha. Usikiweke karibu na kichwa cha anayelala. Kisigeuzwe mbadala wa dawa ya kuvuta ya pumu wala dawa ya mzio aliyoandika daktari. Hilo ndilo kosa linaloweza kugharimu maisha, kwa sababu shambulio la pumu halisubiri.

Yanayosaidia zaidi hayana taa ya kuvutia. Fua mashuka na foronya kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi joto 60 au zaidi, kwa kuwa joto hilo huua utitiri. Visha godoro na mito vifuniko visivyopitisha vumbi. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kufagia kukavu. Zuia sigara na moshi wa jiko ndani ya chumba cha kulala. Anayetaka mashine ya kusafisha hewa atafute yenye feni na chujio zito, lile linalonasa chembe ndogo na kuzibakiza ndani yake, na akumbuke kubadilisha chujio hilo kwa wakati.

Chizhevsky aliamini kwamba hewa ya nyumbani inastahili kuangaliwa kama tunavyoangalia maji ya kunywa, na aliyasema hayo wakati ambapo wachache walilijali jambo hilo. Hapo alikuwa mbele ya wakati wake. Kilichokosekana ni majaribio ya utulivu, yanayorudiwa na watu wasio na cha kupoteza, ambayo nchi yake haikumpa nafasi ya kuyapata na ambayo yeye mwenyewe, kwa uhakika aliokuwa nao, huenda asingeyangoja. Yalipofanyika hatimaye, yalifanyika katika vyumba vya watoto wenye pumu, na majibu yake ndiyo hayo tuliyoyaeleza.